Mapazia Anatafuta Baiskeli

Watu walimwita Mapazia, na yeye akaitika. Kazi ilikuwa imelimeza jina lake zamani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Lakini nusu ya kazi ilikuwa nje. Wenye madirisha hawaleti madirisha yao kwa fundi. Yeye ndiye aliyewafuata, nyumba hadi nyumba, ofisi hadi ofisi, futikamba shingoni, akapanda ngazi, akapima, akarudi kushona, kisha akaenda tena kutundika, vyuma begani na furushi kichwani. Yote hayo kwa mguu.

Kilichomfanya aseme basi ni mama mmoja mwenye ofisi ya meno. Mama huyo alikuwa ameagiza mapazia kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa likiwachoma wagonjwa wake machoni wakiwa wamefungua midomo. Mapazia alifika jua likiwa limeshavuka paa la jengo, jasho linamtiririka, sandali moja imekatika.

"Mama Mapazia," mwenye ofisi akasema, wala hakupandisha sauti, "jua lilikuja, likanikosesha kazi, likaondoka. Wewe ndiyo unafika?"

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu na majibu mafupi.

"Nunua baiskeli," akasema.

"Kwa umri huu?"

"Umri gani? Si unajua kuendesha?"

Alijua. Utotoni aliendesha baiskeli ya baba yao, ile ya kiume yenye bomba juu, akipitisha mguu chini ya bomba na kukanyaga pedali kwa upande, mwili umepinda kama herufi S. Wakati huo mdogo wake wa mwisho alikuwa nyuma kwenye kerea, amemshika kiuno, akipiga kelele za furaha. Ila hayo yalikuwa ya zamani, na sasa alitaka baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, apande na kushuka na gauni lake bila kuonyesha watu alichovaa ndani.

"Nunua mpya," mumewe akamalizia. "Kitu kipya hakina maswali."

Basi wakaenda dukani. Baiskeli zilikuwa zimepangwa nje kwa rangi, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Moja ilimwita palepale. Ilikuwa rangi ya maziwa, ina kikapu mbele, tandiko pana, kengele inayong'aa. Akasoma kibandiko cha bei. Akakisoma tena, akidhani amesoma namba ya simu ya mwenye duka.

"Hii ni ya moja?" akauliza.

"Ya moja, mama. Hiyo ni imara. Mjukuu wako ataikuta."

"Mjukuu wangu atakuta deni."

Muuzaji akacheka, akawapeleka ndani kwenye zile za bei nafuu. Zilikuwa zimechorwa maua mpaka kwenye madigadi. Mapazia akashika usukani wa moja, akabana breki ajaribu. Kishikio cha breki kikang'oka, kikabaki mkononi mwake. Akakitazama. Mumewe akakitazama. Muuzaji akakichukua taratibu kama mtu anayepokea kikombe kilichokwisha chai.

"Hiyo ni ya maonyesho tu," akasema.

"Ya kuonyesha nini?" akauliza Mapazia.

Wakaondoka. Njiani mumewe hakusema tena habari za vitu vipya, na kesho yake akaondoka na lori lake.

Mapazia akaenda kwa Spoku. Huyo alikuwa fundi baiskeli wa pale kwenye kona, mwembamba kama jina lake, mikono myeusi kwa mafuta tangu watu walipoanza kumjua. Alimwona Mapazia akipita kila siku na vyuma vyake, na aliposikia anatafuta baiskeli alifurahi kama ameposewa binti.

"Rangi isikudanganye," akamwambia. "Inyanyue kwanza. Ikiwa nzito kama ng'ombe, itakuchosha kabla hujafika. Zungusha gurudumu, tazama rimu kama inacheza. Gonga spoku kwa ukucha, usikie zote zinalia namna moja. Halafu shika pedali uitikise. Ikitikisika kwa upande, ujue humo ndani mambo yamekwisha."

Wakaenda pamoja kwenye uwanja wa vitu vilivyotumika. Baiskeli pale zilikuwa zimelaliana kama watu waliochoka. Mapazia akanyanyua, akazungusha, akagonga kwa ukucha. Akapata moja ya bluu, nyepesi, spoku zake zinalia vizuri, na bei yake mtu angeweza kuitaja bila kukaa chini. Moyo ukamtulia. Akageuka kumwita muuzaji, lakini Spoku alikuwa amechuchumaa, anakwangua rangi kwa kisu pale bomba la mbele linapokutana na usukani. Rangi ilipotoka, chini yake kulikuwa na unga mweupe, ule wa kuzibia nyufa za ukuta. Akauchokonoa. Ukaanguka kipande kizima, na ufa ukaonekana umezunguka bomba karibu lote.

Mapazia alijiona yuko kwenye mteremko wa barabara kuu, malori nyuma, na usukani umebaki mkononi peke yake.

"Na mimi ningeipanda?"

"Ungeipanda," Spoku akasema. "Na yenyewe ingekushusha."

Muuzaji, alipoonyeshwa, aliapa kwamba hata yeye anauona ufa huo kwa mara ya kwanza. Wakaondoka mikono mitupu.

Jumapili iliyofuata alikuwa kwa mama yake, kama kawaida, kwa sababu Jumapili ndiyo siku Kitinda aliyokuwa akipiga simu.

Kitinda ndiye yule mdogo wa mwisho, yule wa kwenye kerea. Mama yao alikuwa akifanya kazi ya kufagia shule na kurudi jioni, kwa hiyo Mapazia ndiye aliyembeba, aliyemwogesha, aliyemfunga kamba za viatu. Miaka kadhaa iliyopita Kitinda alipata nafasi ya kazi ng'ambo, kwenye hoteli, kupitia kwa wakala mmoja. Familia ilichanga. Mjomba wao, kaka yake mama, alichanga kuliko wote na kutangaza kuliko wote. Hakukuwa na kinyozi wala muuza mkaa mtaani ambaye hakuambiwa kwamba mpwa wake yuko ng'ambo. Na Kitinda hakuwaangusha. Kila Jumapili simu, na kila mwisho wa mwezi kitu kidogo kwa mama. Picha alikuwa hatumi, alisema hoteli hairuhusu simu za kupiga picha. Simu zake ziliingia bila kuonyesha namba na pesa zilipita kwa wakala wa hapa, akasema ndivyo mambo ya ng'ambo yalivyo. Nao waliridhika.

"Dada, baiskeli?" Kitinda akasema siku hiyo, simu ikiwa imewekwa mezani sauti juu. "Umeshapata?"

Mapazia akamsimulia habari ya kishikio cha breki na ya ufa. Kitinda akacheka mpaka akakohoa.

"Usinunue takataka, dada. Nisubiri kidogo. Nitakutumia kitu uongezee."

"Kitinda, wacha. Una mambo yako huko."

"Nisubiri, nimesema."

Mama yao alikuwa amekaa akimenya machungwa.

Siku chache baadaye Spoku alikuja mpaka mlangoni kwa Mapazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, anahema.

"Imepatikana. Mwenzangu fundi wa kule juu, kwenye majumba makubwa, ameniambia. Dada mmoja mfanyakazi wa ndani anauza yake. Alipewa na tajiri wake, binti wa nyumba ile alipohama. Ya kike, nyepesi, gia tatu, breki zinashika. Mwenzangu anaitengeneza mwenyewe, anaijua. Na bei ni ya mtu mwenye haraka."

"Ana haraka ya nini?"

"Hilo sikuuliza. Nenda leo, kabla hajaja mwingine. Geti la kijani, mtaa wa nyuma ya kanisa."

Mapazia aliujua mtaa huo. Alikuwa ametundika mapazia kwenye nyumba moja ya hapo, yenye geti jeupe, mwaka uliopita. Akaoga, akavaa viatu vya kufunika vidole ajaribie baiskeli vizuri, akapanda kilima. Ilikuwa mchana, mtaa umetulia, maua yamezidi ukuta na kumwagika nje. Akalipata geti la kijani. Akabonyeza kengele.

Ndani akasikia ndala zikija upesi. Kile kimlango kidogo cha ndani ya geti kikafunguliwa, na mwanamke aliyefunga aproni, mikono imejaa povu la sabuni, akatoa kichwa huku akisema, "Karibu, bila shaka umekuja kwa ajili ya bai—"

Neno likakatika hapo.

Mapazia alikuwa ameanza kutabasamu, ile tabasamu ya kibiashara, na tabasamu hiyo ikamgandia usoni. Aliona nyusi. Aliona kovu dogo kidevuni, la siku Kitinda alipodondoka kwenye ngazi ya shule. Aliona ule mwanya wa meno. Macho yalikuwa yanaona, lakini akili ilikataa kupokea. Na kama ilivyo kwa mtu aliyepigwa na butwaa, mdomo ukasema upuuzi.

"Umerudi lini?"

Hata akachungulia nyuma ya Kitinda, akitafuta sanduku. Alidhani, masikini, kwamba mdogo wake ameshuka leo kutoka uwanja wa ndege na kwa sababu fulani amepitia hapa kwanza, akafunga aproni, akaanza kuosha vyombo vya watu.

Kitinda alikuwa ameshika kimlango kwa mikono miwili. Povu lilimdondoka juu ya miguu.

"Dada," akasema. Kisha akaongeza, "Sijaenda."

"Hujaenda wapi?"

"Sijaenda kokote, dada. Niko hapa."

Mapazia alishika nguzo ya geti. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua, lakini hakuutoa mkono. Masikio yalikuwa yanalia. Gari lilipita nyuma yake, mtu akapiga honi akimsalimia, pengine mteja, asigeuke. Alichoweza kufikiri ni Jumapili. Jumapili zote zile, simu mezani, mama anainama kuisogelea, wao wanapiga kelele ili sauti ivuke bahari. Na sauti ilikuwa inapanda kilima hiki tu.

"Ingia," Kitinda akasema. "Tajiri hayupo. Ingia, dada, watu wanaona."

Wakakaa nyuma ya jikoni, kwenye ngazi za saruji, karibu na matanki ya maji. Kitinda alijipangusa mikono kwa aproni, akajipangusa tena ilhali imeshakauka. Akaeleza bila kuulizwa.

Wakala aliwaweka kwenye nyumba moja, wasichana wengi, wangoje hati za safari. Wakangoja. Kila siku waliambiwa kesho. Siku moja wasichana wawili walikwenda ofisini kwake kuuliza, wakakuta chumba kitupu, hata waya za taa zimeng'olewa. Kila mmoja akashika njia yake. Kitinda aliazima simu ili ampigie mama amwambie.

"Mama akapokea," akasema. "Hata sijafungua mdomo, nikamsikia anapiga vigelegele. 'Umefika? Mwanangu umefika?' Nikamsikia mjomba nyuma anasema wekeni sauti juu. Nikasema nimefika." Akakunja pindo la aproni. "Neno moja, dada. Mengine yote yalikuwa ya kulitunza hilo moja."

"Miaka yote hii."

"Nilisema nitatafuta kazi, nikipata pesa niende kweli, na hapo litakuwa si uongo. Kumbe siku zinakwenda."

Mapazia alitaka kumpiga. Alitaka pia kumvuta kifuani, amnuse nywele kama zamani. Hakufanya lolote. Alikaa, mdomo wazi, kama wale wagonjwa wa meno. Kisha akakumbuka.

"Mimi nilikuja hapa," akasema polepole. "Ile nyumba ya geti jeupe. Nilitundika mapazia pale, siku mbili nzima."

Kitinda akainamisha kichwa. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Ulikuwa juu ya ngazi, dirisha liko wazi. Nilikuwa nimetoka dukani na baiskeli. Nikarudi nyuma, nikaingia humu, nikakaa hapa nyuma ya matanki mpaka jioni. Siku ya pili pia. Nilikuwa nakusikia unaimba."

Hapo ndipo Mapazia alipolia. Habari ya ng'ambo ilikuwa kubwa mno, haikuwa imeingia kichwani bado. Hii ya matanki iliingia. Mdogo wake amechuchumaa juu ya saruji hii hii, anamsikia akiimba, na yeye hana habari, anahesabu pete za pazia. Alilia kwa sauti, akifuta pua kwa futikamba bila kujua anachofanya, na Kitinda akalia naye, na kwa muda huko nyuma ya jikoni hapakuwa na mkubwa wala mdogo.

Walipotulia, Mapazia akaiona baiskeli. Ilikuwa imeegeshwa ukutani, chini ya kivuli cha paa, imefutwa vumbi, mnyororo umetiwa mafuta. Rangi ya kijivu, ya kawaida kabisa. Kwa mazoea ya majuma yale, mkono wake ukaenda wenyewe. Akainyanyua: nyepesi. Akazungusha gurudumu: rimu imenyooka kama uzi wa timazi. Akagonga spoku kwa ukucha. Akatikisa pedali, haikucheza.

"Nzuri," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Nzuri sana. Inanipeleka sokoni na kurudi. Mara moja tu imetoboka."

"Sasa unaiuza kwa nini?"

Kitinda akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake liko mezani.

"Si wewe ulisema unatafuta baiskeli? Nilikuwa sina cha kukutumia."

Mapazia alisimama na baiskeli mkononi. Kichwa kilimzunguka. Mdogo wake alikuwa anauza baiskeli yake, kwa bei ya haraka, ili apate pesa ya kujifanya yuko ng'ambo, ili yeye Mapazia aongezee anunue baiskeli. Alijaribu kuifuata njia hiyo toka mwanzo hadi mwisho, ikamshinda, akaanza kucheka. Alicheka kicheko kibaya, cha kuumiza mbavu, mpaka Kitinda akaogopa akamshika mkono.

"Dada. Dada, usiwe hivyo. Ichukue bure."

"Sichukui bure. Nimekuja kununua, nitanunua."

"Dada!"

"Bei umeitaja mwenyewe. Sipunguzi wala siongezi."

Akazitoa pesa kifuani alikozifunga kwenye kitambaa, akamtia mkononi, akamkunja vidole juu yake kwa nguvu kama alivyokuwa akimkunja zamani akimpa hela ya shule. Hakusema anamsamehe wala hamsamehi. Hakujua. Akaitoa baiskeli nje ya geti, akapanda. Mita chache za mwanzo alikwenda upande upande mpaka mlinzi wa nyumba ya pili akasimama kutazama. Kisha mteremko ukaichukua baiskeli. Breki zilishika vizuri. Alifika kwake upesi kiasi kwamba machozi yalikuwa hayajakauka, na hilo nalo likamkaa moyoni kama jiwe: ni karibu hivi!

Siku mbili tatu hakumwambia mtu. Spoku alipokuja kuikagua baiskeli na kuisifu, alimwitikia tu. Alishona pazia moja juu chini, likambidi alifumue lote. Halafu simu yake ikalia mlio wa pesa kuingia. Akasoma. Ilikuwa ni ile ile bei ya baiskeli, imepungua ada ya kutuma tu, na ujumbe chini yake: *Dada, nyongeza ya baiskeli niliyokuahidi.*

Mapazia aliiweka simu mezani, akaondoka, akarudi kuisoma tena. Kitinda alikuwa amemrudishia pesa yake mwenyewe, tena kutoka ng'ambo! Hakujua acheke au aivunje simu. Ila alijua kwamba jambo hili haliwezi kuendelea, na kwamba mama lazima aambiwe, na kwamba atakayemwambia ni yeye.

Akaenda kwa baiskeli. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Ataanza na afya, aende kwenye kazi, amshike mkono, amkalishe kwanza. Mama alikuwa na shinikizo la damu. Alimkuta uani anaanika nguo.

"Mama, njoo ukae."

"Nasikia hata nikiwa nimesimama."

"Mama, ni habari ya Kitinda."

Mama akaendelea kubana kamisi kwenye kamba. "Umemwona wapi?" akauliza.

Mapazia alibaki ameduwaa. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Mama, unajua?"

"Yuko mzima?"

"Mzima. Mama, ulijua? Tangu lini?"

Mama akabana nguo ya mwisho, akajifuta mikono, ndipo akakaa, na alipokaa akaonekana mzee kuliko alivyokuwa amesimama.

"Unakumbuka ile Jumapili ya mvua kubwa? Nyinyi mlikuwa hamjafika. Tunazungumza, mara radi ikapiga, ile iliyopasua mti wa shule. Ikapiga hapa, na ikapiga ndani ya simu. Pamoja. Kama mtu amepiga sufuria moja, nayo inasikika masikio yote mawili." Akajigusa sikio moja, kisha jingine. "Mwanangu akapiga ukelele, na mimi nikapiga ukelele. Kisha akasema, mama, hiyo ni meli huku bandarini. Nikasema, sawa mwanangu, jifunike."

"Na hukumuuliza?"

"Ningemuuliza angeacha kupiga simu."

"Mama! Mimi dada yake, hukuniambia hata mimi!"

"Wewe ungekwenda kumtafuta nyumba kwa nyumba. Na mtu anayejificha ukimtafuta anakwenda mbali zaidi. Mimi nilikuwa namsikia kila Jumapili, anakula, anacheka. Nilisema, akichoka atakuja." Akautazama mlango wa ua. "Hiyo ndiyo baiskeli yenyewe?"

Mapazia alikaa chini, juu ya beseni lililopinduliwa. Alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza. Mwanamke huyu, aliyekuwa akilala na dawa za presha chini ya mto, alikuwa ameibeba radi hiyo kifuani peke yake, akimenya machungwa, akipokea pesa za mwisho wa mwezi, akisema asante, na huko kwenye baridi uvae koti.

"Mwambie aje," mama akasema. "Mwambie najua, asije akazimia mlangoni."

Kitinda alikuja Jumapili, kwa mguu, maana baiskeli haikuwa yake tena. Alisimama nje muda mrefu hata Mapazia akatoka kumchukua. Mama alimpokea bila kelele. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama anayekagua tunda, akasema amekonda, akaenda kumwekea chakula. Kitinda alikuwa hajala hata matonge mawili mjomba akaingia. Hakuna aliyemwita. Alikuja tu kusikiliza simu ya Jumapili kama siku zote.

Alisimama kizingitini. Kofia ikamdondoka mkononi. Alimtazama Kitinda, akaitazama simu mezani, akamtazama tena Kitinda, na kila mmoja mle ndani alimwona anapita njia ile ile waliyopita wao, tena haraka, kwa sababu mjomba hakuwa mjinga.

"Shikamoo mjomba," Kitinda akasema kwa sauti ya chini.

Hakuitikia. Akamgeukia dada yake, mama yao. "Na watu niwaambie nini?"

"Waambie amerudi."

"Amerudi kutoka wapi?"

"Huko huko alikokuwa," mama akajibu. "Kaa ule."

Hakukaa. Alitoka bila kuokota kofia, na wakamsikia akijikwaa kwenye ngazi. Ilipita miezi asikanyage pale. Kinyozi alipomuuliza habari za mpwa wake alisema mambo ya ng'ambo ni magumu siku hizi. Kitinda alimfuata mara mbili nyumbani kwake, na mara zote mbili aliambiwa amelala. Mara ya tatu alimfungulia mwenyewe. Wakazungumza nini, Kitinda hakusema. Alirudi macho mekundu, ila alirudi na salamu zake kwa mama.

Kazi yake kwenye nyumba ya geti la kijani hakuiacha, maana ni kazi, na tajiri wake si mtu mbaya. Zile pesa zilizorudi Mapazia alizipeleka kwa Spoku, na Spoku akatafuta tena, akakwangua rangi za watu wengi, mpaka akapata baiskeli nyingine ya kike, nyeusi, isiyo na gia lakini nzima kila mahali. Hiyo ikawa ya Kitinda. Mumewe Mapazia, aliporudi kutoka safari na kukuta baiskeli mbili zimeegemea ukuta na shemeji yake wa ng'ambo anaosha vikombe jikoni, aliacha begi lidondoke.

"Nimekaa safari muda gani?" akauliza.

Mapazia alimweleza toka mwanzo. Alikuwa amelisimulia jambo hilo mara kadhaa sasa, kwa Spoku, kwa mama, kwa mumewe, na kila alipofika pale kwenye matanki ya maji sauti ilimkatika. Huendesha baiskeli yake kila siku, vyuma vimefungwa ubavuni, furushi kwenye kerea, na kwa mama wa meno sasa hufika kabla ya jua. Mara nyingine kazi humpitisha mtaa ule wa nyuma ya kanisa. Hupiga kengele ya baiskeli anapofika geti la kijani, bila kushuka, na kabla hajafika kona huisikia ndani sauti ikimwitikia, "Abee dada!" Hadi leo, akiisikia sauti hiyo iko karibu namna ile, usukani humyumba.